Vitabu Viwili vya Trekta Moja

Budondo, jua likielekea kuzama

Nambozo mwanangu,

Mama yako ameshakuambia kuhusu mashuka, dawa ya malaria na chapati za stendi ambazo hutakiwi kuzila, na najua kesho atakuambia tena mpaka lori liondoke. Mimi huko sitii mguu. Nimejipa kazi moja tu: kukuandikia kuhusu vitabu viwili utakavyovikuta kwenye sanduku la spana, na kwa nini ni viwili wala si kimoja. Ukiona mwandiko umelegea usiseme ni uzee. Ni mkono huu wa kulia. Tangu Alhamisi ile haujanirudia vizuri. Mama yako anawaambia watu kwamba mume wake siku hizi analipigia trekta saluti, na si uongo sana, maana kila nikipita karibu nalo mwili unasimama wima wenyewe.

Lakini tuanzie dukani Jinja, kwa sababu mimi nilikosea kwenye kuchagua kabla sijakosea kwenye kuwasha.

Unakumbuka safari ile. Kutoka Mpumudde tulipanda boda boda, kila mtu na baiskeli yake, na kijana aliyenibeba mimi akalalamika kilima kizima kwamba afande ni mzito kuliko gunia la mahindi. Baba yako mdogo Wamono alikuwa ameshatuma neno kutoka Mbale: mashamba yapo, watu wa kulimiwa wapo, trekta liletwe, na wewe uje nalo kwa sababu kwake hakuna mtoto anayeelewa injini. Nikaamua kwamba binti yangu hataondoka na trekta lisilo na kitabu cha ufundi. Niliona ni kama kukutoa nyumbani bila cheti cha ubatizo.

Hajji Swaleh alitupokea kwa Kiswahili, na hilo peke yake likanilegeza. Hapa kijijini tukiongea Kiswahili watu wanapunguza sauti, wanadhani tumekuja kukamata mtu. Wanasahau kwamba mimi ni Mgisu na mama yako ni Mteso, na kama tusingekutana katika lugha ya kambi ya magereza wewe usingekuwepo. Kwa Hajji, Kiswahili ni lugha ya kuuzia tu, na inauza.

“Karibu afande. Leo tafuta nini?”

“Kitabu cha ufundi. Cha trekta.”

“Trekta gani?”

“Ile nyekundu.”

Akanitazama juu ya miwani. “Nyekundu ziko nyingi, afande. Namba ya injini iko?”

“Namba imefunikwa na rangi. Lakini jina liko kwenye boneti, kubwa, unasoma hata ukiwa barabarani.”

Akatoa viwili. Kimoja kilikuwa kipya, jalada linang'aa, trekta jekundu limesimama kwenye majani mabichi na Mzungu mwenye kofia anatabasamu kama amemaliza kulipa deni. Jina lilikuwa lilelile la boneti yetu. Cha pili hakikuwa na jalada, kona zake zimeliwa, kinanuka dizeli. Wewe ukashika hicho. Hukukifungua kwanza. Ulikilaza kiganjani ukatazama kingo za kurasa, ukachungulia sura zenye weusi, ukaniambia kwa sauti ndogo, “Baba, ona. Hapa kwenye pampu na hapa kwenye klachi ni peusi kabisa. Waliokuwa nacho walikuwa wanakitumia.”

Nikakujibu kwamba mimi sinunui uchafu wa watu.

“Basi turudi nyumbani kwanza, tukwangue rangi tusome namba.”

“Na nimpandie tena yule kijana wa baiskeli? Ataomba pensheni.”

Hajji alicheka, nami nikaona nimeshinda. Tukaondoka na Mzungu mwenye kofia.

Nambozo, wewe umenijua nikiwa mtu wa shamba. Hukunijua nyuma ya kaunta. Miaka yangu yote magereza nilikuwa mtu wa stoo, na stoo ina dini yake: kilichoandikwa ndicho kilichopo. Karatasi ikisema mablanketi yapo, yapo. Ukienda ukakuta hayapo, basi mablanketi ndiyo yenye makosa. Nimezeeka nikiamini hivyo. Trekta lilipokuja kwangu lilikuja na karatasi yenye jina, jina likalingana na boneti, boneti ikalingana na jalada. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Na nilikisoma, mwanangu. Nilisoma sura nzima ya namna ya kuzuia maji ya rejeta yasigeuke barafu. Hapa Budondo. Mama yako alinikuta nimepiga mstari chini ya neno “theluji” akauliza kama tunahama na kama aanze kufunga vyombo.

Kwenye sura ya kuwasha kulikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote. Ilisema trekta hili lina ulinzi wake: likiwa kwenye gia, haliwaki. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wa jirani hana meno.

Kitabu hakikusema uongo. Ulinzi huo kazi yake ni kwenye swichi ya ufunguo. Lakini ni lini uliwahi kuona mtu hapa nyumbani akiwasha trekta kwa ufunguo? Swichi ilikufa kabla hatujalipata. Sisi tunawasha kama nusu ya wilaya inavyowasha: unasimama chini, mbele ya gurudumu kubwa, unalaza spana juu ya vyuma viwili vya stata, cheche inaruka, injini inaitika. Umeme unapita njia ya panya, na ule ulinzi unabaki umekaa kwake, haujui kama kuna mgeni aliyepita. Nilijua kwamba tunawasha kwa spana. Nilijua pia kwamba kitabu kimesema haliwaki likiwa kwenye gia. Mambo haya mawili yalikaa kichwani mwangu kama majirani wasiosalimiana.

Na ni mimi mwenyewe niliyeliacha kwenye gia jioni ya kuamkia Alhamisi ile, kwa sababu breki hazishiki.

Asubuhi yake ulikuwa mbele ya trekta, umeinama kwenye rejeta, unatoa mbegu za majani kwa kile kitambaa chako cha njano. Jiko liko nyuma yako, hatua chache tu. Mimi niko pembeni na spana. Nikakuuliza kama umemaliza.

“Bado kidogo, Baba.”

“Endelea tu. Nalipasha moto. Halitembei, kitabu kimesema.”

Ndivyo nilivyosema. Nayaandika yalivyotoka ili nisije nikayapamba nikizeeka.

Cheche ikaruka. Sikusikia injini ikiwaka, niliona tu trekta linaondoka. Sijui nikueleze vipi. Kitu umekaa nacho miaka, unakiegemea ukiongea na watu, kuku wanalala juu yake, halafu kinaondoka bila kukuaga. Gurudumu la nyuma likanisugua paja likachukua kifungo cha mfuko wa suruali. Sikukimbia. Sikupiga kelele. Jina lako nilikuwa nalo mdomoni na halikutoka. Tangu siku ile watu wananiambia ningerukia juu nikavuta waya wa kuzimia. Ndiyo, ningeruka. Mimi nilikuwa nimesimama na spana juu, kama mwanafunzi anayeomba kuuliza swali. Ukuta wa jiko ukaingia ndani polepole, vumbi likafunga kila kitu, na katikati ya vumbi injini bado inaunguruma na magurudumu ya nyuma yanachimba.

Halafu ikazimika. Sauti yako ikatoka juu, kwenye kiti.

“Baba. Baba, uko wapi? Uko chini?”

Wewe uliyekuwa mbele ya trekta ndiye uliyekuwa unanitafuta mimi chini ya gurudumu. Sikuweza kuitika. Ulishuka, ukazunguka, ukanikuta palepale, ukanitoa spana mkononi kidole kimoja kimoja kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Mama yako akatokea shambani na kikapu cha mihogo. Akatazama jiko, akatazama trekta lililoingia mpaka kwenye mafiga, akanitazama mimi.

“Baba Nambozo,” akasema, “kama lilikuwa na njaa si ungeniambia nipike mapema.”

 Akakaa kwenye vumbi na kikapu chake na hakuinuka mpaka ulipomshika mkono. Jirani yetu Mzee Isabirye akasimama kwenye ua na baiskeli yake: “Afande, leo munalima jikoni?” Alipoona hakuna anayecheka, akailaza baiskeli chini akaja kutuondolea nguzo.

Nikakuuliza mbele ya mama yako: ulikuwa wapi?

“Nilikuwa nimeshatoka, Baba. Nilienda barazani kuchukua plaisi.”

Ulisema kwa wepisi, kama unataja bei ya chumvi. Nililichukua jibu lile nikalala nalo. Nililihitaji.

Kesho yake hukuniuliza ruhusa. Ulichukua mafuta ya taa na kipande cha bati ukakwangua rangi ubavuni mwa injini, ukapata namba. Halafu, na hili mimi nisingelifikiria, ukazunguka nyuma ukakwangua giaboksi pia. Tukarudi kwa Hajji, mimi nikiwa mpole kama kuku aliyenyeshewa.

“Afande,” akasema, “mimi nilikuuliza namba, wewe ukanipa rangi.”

Akasoma karatasi yako. Akaisoma mara ya pili, akavua miwani.

“Hii si trekta moja.”

“Unasema nini, Hajji?”

“Injini ni ya zamani kuliko hilo jina lako. Nyuma ni ya kaka yake mkubwa. Na boneti, afande, boneti ni ya mtu wa tatu kabisa.”

Nikakaa juu ya debe la grisi. Wewe ulicheka, nikakuona ukifunika mdomo. Lakini mimi nilishtuka mara ya pili katika siku mbili, na moyo wangu haukuzoea kazi hiyo. Miaka ile vipuri vilipokuwa havipatikani, mtu mmoja alikuwa na matrekta mawili yaliyokufa. Akayapasua katikati, kwenye klachi, akaunga kichwa cha hili na kiuno cha lile, akatafuta boneti yoyote yenye rangi inayofanana. Simlaumu, kazi yake imelima mpaka leo. Ila hakuna kiwanda kilichowahi kuandika kitabu chake. Nimeishi na mgeni uani kwangu miaka yote nikimwita kwa jina la mtu mwingine.

“Sasa nichukue kitabu kipi?”

Hajji akagonga kile kichafu. “Kutoka klachi kwenda mbele, hiki. Kutoka klachi kwenda nyuma, sina. Ulizeni Mbale.”

Ndiyo maana viko viwili. Cha nyuma baba yako mdogo alikipata kwa fundi mmoja karibu na soko la Mbale, akakituma na lori la vitunguu, na ukikifungua utajua. Kile kizuri nimebaki nacho mimi. Theluji ikianguka Budondo, nitakuwa tayari.

Utajulikana haraka huko kama binti wa trekta, na watu watakuletea vitabu na kukuuliza kama ndivyo. Fanya ulivyofanya, usifanye nilivyofanya. Anza na chuma, rangi baadaye. Soma namba zaidi ya mahali pamoja, na zikikataa kukubaliana usizilazimishe. Uliza kama kitabu ni cha dereva au cha fundi. Kile chembamba cha dereva kitakuambia lini umwage oili, lakini ukifungua giaboksi ukiwa na hicho utabaki na vyuma kwenye beseni na huna wa kumuuliza. Kitazame ubavuni, halafu hakikisha kurasa nyeusi zipo zote, kwa sababu ukurasa unaohitajika sana ndio mtu huuchana aingie nao chini ya trekta. Hiki cha mbele kinakosa ukurasa wa vali. Nimeutafuta kwa Hajji, haupo. Na hata ukipata kilicho sawa kwa kila namba, kumbuka kinakueleza trekta lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Yaliyolipata baadaye, swichi iliyokufa, waya uliokatwa, spana iliyogeuzwa ufunguo, hayo hayakuandikwa na mtu. Lazima uinuke ukayatazame.

Nimeanza kuhubiri. Mama yako angekuwa hapa angepitisha sahani ya sadaka.

Sasa nikuambie la leo, kwa sababu nisipoliandika nitaondoka nalo.

Asubuhi ulipokwenda Wanyange kumuaga shangazi yako, nilianza kutoa udongo wa ukuta ulioanguka ili Isabirye apate pa kusimika nguzo. Kipande kilichopigwa na uso wa trekta kilikuwa kimebanwa kikawa kigumu kama tofali. Nikakipiga jembe, kikapasuka. Ndani yake kilikuwa kitambaa cha njano.

Nilikivuta. Wavu wa mbele wa trekta ulikuwa umejichora juu yake kwa grisi, mistari iliyonyooka kama ya daftari.

Nikajiambia kwamba labda ulikitundika kwenye wavu ulipokwenda barazani. Nilijaribu sana kuamini. Nilisimama pale na jembe nikiamini kwa nguvu zangu zote. Lakini nakujua unavyofanya kazi. Unakizungusha kiganjani na kukifunga fundo, ili vidole visikatwe na mapezi ya rejeta. Fundo lilikuwepo. Halikufunguliwa, lilikuwa limechanika pembeni. Nikakumbuka mkono wako wa kushoto, ule uliofungwa bandeji, ule unaotuambia uliungua kwa sufuria. Sufuria gani, Nambozo? Jiko lilikuwa limeanguka.

Nilikaa kwenye figa moja. Mama yako akapita akauliza nina nini, nikasema ni vumbi. Akaniambia vumbi la wiki iliyopita linaumiza macho leo? Nikasema ndiyo. Kwa hiyo sasa wewe na mimi tuna uongo mmoja, kila mtu ameshika upande wake, na mama yako anapita katikati bila kuuona. Au anauona. Na yeye nimeishi naye miaka mingi bila kitabu.

Sikuombi unieleze. Nimeelewa ulisema vile kwa ajili ya nani. Ulikuwa umetoka tu kuuchomoa mkono kutoka kati ya chuma na ukuta, ukapanda ukazima injini, ukamtafuta baba yako, na bado ukapata nafasi ya kunitungia plaisi. Nimekaa na jambo hilo mchana kutwa na bado halijaingia mlangoni. Linasimama nje tu.

Swichi umeitengeneza na ufunguo unafanya kazi, nimeona. Lakini siku moja huko Mbale itakufa tena. Utakuwa katikati ya shamba la mtu, wingu linashuka kutoka mlimani, watu wanangoja, na mmoja atakuletea spana huku anacheka. Ile yetu haimo kwenye sanduku. Usimshuku mtu, nimeichukua mimi. Najua spana nyingine zipo duniani.

Magereza, kila jioni kabla ya kufunga lango, tulihesabu watu. Mvua inyeshe, mkubwa awe na haraka, haijalishi. Jina linaitwa, mtu anaitika, la pili linaitwa. Asipoitika mmoja, hakuna anayekwenda kula. Nimesikiliza hesabu ile sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa ajili ya watu wa serikali. Kwangu nyumbani tulikuwa watatu tu, na sikuwahi kuita jina hata moja kabla ya kugusa stata.

Kitambaa nimekifua kwa sabuni ya mche. Mistari haikutoka. Nimekiweka ndani ya kitabu cha vitunguu, kwenye sura ya kuwasha, pale ambapo nacho kinasema haliwaki likiwa kwenye gia.

Kesho lori litarudi nyuma mpaka kwenye tuta la shule, na ni wewe utakayekaa kwenye kiti cha trekta kulitoa hapa uani na kulipandisha, kwa sababu mimi sijaweza kupanda tangu siku ile na sasa umejua kwa nini nimekuwa mkarimu ghafla. Mama yako atasimama mlangoni mwa jiko jipya, ambalo bado ni nguzo na mlango tu. Mimi nitakuwa upande wa bafu, mahali unaponiona. Kabla hujazungusha ufunguo, sema “Mama,” ungoje. Halafu sema “Baba,” ungoje. Watu wa lori watacheka, waache wacheke.

Alhamisi uliniita mara mbili na sikuitika. Kesho nitaitika.

Mimi wa upande wa bafu,
Baba yako